Mdogo Wangu Yuko Jela ya Kaunti, na Mama Anataka Nimpigie Simu

SWALI

Shikamoo Mshauri.

Mimi ni Mtanzania, mwenyeji wa Muheza, Tanga, na huu ni mwaka wa tisa nikiishi Texas, ambako nafanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba ya malezi. Mdogo wangu wa kiume alikuja Marekani kwa bahati nasibu ya viza, akapata kadi ya ukaazi wa kudumu, akaoa Mtanzania mwenzetu, na wanaishi katika kaunti nyingine, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka kwangu. Wiki tatu zilizopita waligombana usiku, majirani wakaita polisi, na mdogo wangu akachukuliwa kwa shtaka la kumpiga mkewe. Hakimu amemwekea dhamana ya dola 15,000 na kumkataza kuwasiliana na mkewe kwa njia yoyote.

Tangu siku hiyo kila ninaloligusa linaharibika. Nilipiga simu jela nikitaka kuzungumza naye, nikaambiwa kuwa mahabusu hapigiwi simu. Nikamtafuta kwenye tovuti ya sherifu, jina lake nisilione kwa siku mbili. Nilituma dola 150 kwa kutumia programu ya simu, lakini alipofanikiwa kunipigia akaniambia kuwa hana hata dawa ya meno na kwamba akaunti yake ya duka la jela haina kitu. Jumamosi moja niliomba ruhusa kazini, nikapika pilau, nikaendesha gari hadi huko, nikarudishwa mlangoni kwa sababu sikuwa nimeweka miadi. Mama, ambaye ana maradhi ya presha, anataka kila jioni asikie sauti ya mwanawe, nami nilipojaribu kuwaunganisha kwa simu yangu, mazungumzo yalikatika na mdogo wangu akanyimwa simu kwa siku kadhaa.

Linalonikosesha usingizi, hata hivyo, ni jingine. Wazee wa ukoo wamekaa kikao huko nyumbani, na mjomba ameniagiza niende kwa wifi yangu nikamwombe radhi kwa niaba ya ukoo ili aifute kesi. Mdogo wangu naye ananisisitizia hivyo hivyo kila anapopiga simu, na anataka nimfikishie mkewe maneno yake. Nilipomwambia kuwa naogopa, alinijibu kuwa tukizungumza Kibondei hakuna Mmarekani atakayeelewa. Ndugu wamekwisha kuchanga dola 1,500 za kumlipa wakala wa dhamana, yaani mtu anayemwekea mahabusu dhamana kwa malipo, na fedha hizo ziko kwangu. Nizitoe? Na mama nimwambie nini?

Dada wa Muheza, Texas

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana.

Nitaanzia mwisho wa barua yako, kwa sababu hayo ya pilau na dawa ya meno yanarekebishika, lakini hili la Kibondei linaweza kumfunga mdogo wako. Simu za jela ya kaunti hurekodiwa, na kila simu inapoanza sauti ya mashine huwatangazia nyote wawili kuwa inarekodiwa. Rekodi hizo huhifadhiwa, na waendesha mashtaka huziomba na kuzisikiliza, hasa katika kesi za ugomvi wa nyumbani, kwa kuwa wanajua fika kwamba mtuhumiwa atatafuta njia ya kumfikia mkewe. Kiswahili si maficho nchini humu. Texas imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo wanaokizungumza, na wakalimani wa mahakama hupatikana hata kwa njia ya simu. Kibondei kitawachukua muda mrefu zaidi kumpata wa kukitafsiri, lakini rekodi haiozi, na ndugu wawili wanaohama ghafla kutoka Kiswahili kwenda Kibondei mara tu jina la mke linapotajwa wameshamwambia msikilizaji mahali pa kuchimba.

Wala usiende kwa wifi yako. Najua ukali wa maneno haya mbele ya agizo la mjomba, lakini mjomba anaifikiria kesi hii kana kwamba iko katika baraza la kata, ambako mlalamikaji akisema amesamehe watu hupeana mikono na kurudi nyumbani. Hapa kesi imeandikwa kwa jina la Jimbo la Texas dhidi ya mdogo wako. Wifi yako si mwenye kesi bali ni shahidi, na hata akiandika kwa mkono wake kwamba hataki iendelee, mwendesha mashtaka anaweza kuendelea nayo. Ukimpelekea ujumbe wa mumewe, mdogo wako atahesabiwa kuwa amevunja amri ya hakimu kupitia kwako, na hilo ni shtaka jipya. Ukimshawishi asitoe ushahidi, nawe mwenyewe unaweza kushtakiwa kwa kumrubuni shahidi, ambalo ni kosa kubwa katika jimbo hilo.

Kuna na jambo ambalo wazee huenda hawalijui kabisa. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inamruhusu mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu kurudishwa kwao akitiwa hatiani kwa kosa la ukatili wa nyumbani, na inataja kuvunja amri ya kumlinda mwathirika kuwa sababu nyingine inayosimama peke yake. Kwa hiyo ule ujumbe wa upatanisho, ambao ungepelekwa kwa nia njema na pengine kwa machozi, huenda ndio ukampakia kwenye ndege. Niongeze, kwa ruhusa yako, kwamba barua yako ndefu haikusema popote kama wifi yako aliumia. Sikulaumu, maana umeelemewa; lakini kikao kilichokaa Muheza kimepanga kumwomba msamaha mtu ambaye hakuna aliyemuuliza hali yake, na mimi nisingependa wewe uwe mjumbe wa kikao hicho hata kama sheria ingeruhusu.

Sasa tuje kwenye jela yenyewe. Jela ya kaunti si gereza kwa maana tuliyoizoea. Inasimamiwa na sherifu wa kaunti, na wengi waliomo ni mahabusu wanaosubiri kesi zao, pamoja na watu wanaotumikia vifungo vifupi ambavyo kwa kawaida havizidi mwaka mmoja; gereza la jimbo au la serikali kuu ni kwa waliokwisha kuhukumiwa vifungo virefu. Kila kaunti ina taratibu zake, na Texas peke yake ina kaunti 254, kwa hiyo ushauri wa rafiki yako ambaye shemeji yake alifungwa kaunti ya jirani unaweza kuwa wa kweli kwake na wa kukupoteza wewe. Soma ukurasa wa sherifu wa kaunti hiyohiyo aliyomo mdogo wako, na pasipoeleweka piga simu uulize.

Kule kutomwona kwenye tovuti nadhani kumesababishwa na majina. Sisi huandika jina letu, la baba na la babu, na afisa wa mapokezi usiku wa manane huweza kulichukua jina la baba akalifanya la ukoo, au akaruka herufi moja. Mtafute kwa kila mpangilio wa majina yake matatu, na kumbuka kuwa katika tarehe ya kuzaliwa Wamarekani huanza na mwezi. Ukishampata, andika mahali pa kudumu namba aliyopewa wakati wa kupokelewa, kwa sababu fedha, miadi na barua zote hufuata namba hiyo. Ipo pia huduma iitwayo VINE, ambayo humjulisha yeyote aliyejiandikisha mara tu mahabusu anapohamishwa au kuachiwa. Ilianzishwa Kentucky mwaka 1994, baada ya msichana aitwaye Mary Byron kuuawa Desemba 1993 na aliyekuwa mpenzi wake, ambaye alikuwa ametoka jela bila yeye kuarifiwa. Waweza kujiandikisha wewe. Lakini huduma hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya watu walio katika nafasi ya wifi yako, na huenda naye amejiandikisha.

Kuhusu simu, yeye ndiye hupiga, nawe hupokea. Kampuni za simu za jela, kama vile Securus na ViaPath, hukutaka ufungue akaunti kwa namba yako ya simu na kuweka fedha humo, au humruhusu mahabusu awe na salio lake mwenyewe la simu. Hapo ndipo, kwa kukisia kwangu, zilipokwama dola zako 150: akaunti ya simu na akaunti ya duka la jela ni vitu viwili tofauti, mara nyingi hata vya kampuni mbili tofauti, na anayetuma kwa haraka huchagua ya kwanza anayoiona. Fungua risiti yako uone imeandikwa nini. Kama fedha ziko kwenye simu hazijapotea, bali atazitumia kukupigia. Ila kuzihamishia dukani mara nyingi haiwezekani, na wakati mwingine hata kurudishiwa ni kazi. Gharama ya simu hizi imepiganiwa kwa miaka mingi. Mwaka 2000 bibi mmoja wa Washington, Martha Wright-Reed, ambaye alikuwa kipofu na hakuweza kusoma barua za mjukuu wake aliyefungwa, alikwenda mahakamani kupinga bei zake. Alifariki mwaka 2015, na sheria yenye jina lake ikatiwa saini Januari 2023, ikiipa tume ya mawasiliano ya Marekani mamlaka juu ya bei za simu hizo hata zinapopigwa ndani ya jimbo moja. Angalia bei ya dakika moja kabla ya kuweka fedha nyingi.

Kumuunganisha mama kwa simu ya pili usirudie. Mitambo ya simu za jela hutambua simu inapounganishwa na ya mtu wa tatu, huikata, na adhabu humwangukia mahabusu kama ulivyoona. Uliza kwanza kama jela hiyo inaruhusu kupiga simu nje ya nchi. Nyingi haziruhusu, na zinazoruhusu hutoza bei ya kutisha. Njia iliyo salama ni wewe kupokea salamu zake, kisha umpigie mama baada ya mazungumzo kwisha. Hesabu na saa: Texas iko nyuma ya Tanga kwa saa nane wakati wa kiangazi chao na saa tisa wakati wa baridi, hivyo simu ya mdogo wako ya saa nne asubuhi itamkuta mama saa kumi na mbili au saa moja jioni, wakati ambao yuko macho.

Fedha za duka tuma kwa kiasi. Duka la jela huuza tambi za pakiti, sabuni, dawa ya meno, soksi, stempu na vitu vya namna hiyo, na kwa kawaida mahabusu huagiza mara moja kwa wiki, siku maalumu ya sehemu yake. Fedha iliyofika kesho yake itasubiri wiki nzima. Kila muamala hukatwa ada, kwa hiyo kutuma dola 10 mara tano ni ghali kuliko kutuma 50 mara moja, na unapotuma tumia namba ile ya mapokezi, usitegemee jina. Mashine iliyoko ukumbini jelani nayo hupokea fedha. Fedha taslimu ndani ya bahasha usiweke kamwe. Usishangae pia salio likipungua bila yeye kununua kitu, kwani jela nyingi humtoza mahabusu anapomwona muuguzi au daktari na kukata humo humo. Wala usimwachie akaunti nono, kwa sababu mwenye fedha nyingi ndani hutambulika haraka na hupata marafiki asiowahitaji. Asiye na kitu kabisa huwa anapewa sabuni na mswaki na jela, kwa hiyo zile siku alizokuwa hana dawa ya meno huenda hakujua kuwa anaweza kuiomba; mwambie aombe.

Michango ya ndugu walioko nyumbani ipokelewe na mtu mmoja, nawe ndiye mtu huyo. Mama asihangaike kutuma chochote kwa jela kutoka Tanga. Na ukipigiwa simu na mtu anayejiita afisa wa sherifu au karani wa mahakama, akikutaka ununue kadi za zawadi na kumsomea namba zake ili mdogo wako atoke leo, kata simu. Hakuna jela wala mahakama inayopokea dhamana kwa kadi za zawadi, na matapeli hawa huyachukua majina ya waliokamatwa kwenye tovuti ile ile unayoitumia wewe.

Ziara ina masharti yake, na jambo la kwanza ni kuweka miadi, mara nyingi kupitia tovuti na angalau siku moja kabla. Katika jela nyingi mahabusu mwenyewe ndiye huorodhesha wageni wake, basi hakikisha amekuandika kwa jina lililo kwenye kitambulisho chako, si lile la nyumbani. Nenda na leseni ya udereva au pasipoti isiyopitwa na wakati. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti, isiyobana wala kupitisha mwanga. Mtandio wako wa dini uliza mapema namna unavyokaguliwa. Simu na mkoba viache garini. Chakula hakiingii kabisa, na hapa najua moyo wako ulivunjika, maana kwetu mtu akiwa mahabusu kituoni jambo la kwanza ndugu wanalofanya ni kumpelekea chakula, na asiyepelekewa huonekana ametupwa. Huku hakuna mlango wa kupokea sufuria, na askari aliyekurudisha hakukudharau.

Ukifika usitegemee kumshika mkono. Mtatenganishwa na kioo na kuzungumza kwa mkonga wa simu, au mtaonana kwa skrini tu, hata kama uko jengo lilelile. Kanuni za Texas huitaka jela ya kaunti impe mahabusu ziara mbili za dakika ishirini kila wiki, na mwaka 2015 sheria ilitaka ziwe za ana kwa ana, isipokuwa katika kaunti ambazo zilikwisha kugharamia mitambo ya video. Uliza kaunti yako iko upande upi kabla ya kuendesha gari saa moja na nusu kwenda kuitazama skrini ambayo ungeweza kuilipia na kuitazama ukiwa nyumbani. Ziara hizo nazo hurekodiwa. Dakika ishirini ni chache: mweleze habari za mama, umuulize analala namna gani na kama anapata dawa zake kama anazo, mpange siku za kupiga simu, na akianza kusimulia usiku ule mkatize kwa upole umwambie kuwa hayo ni ya wakili.

Wakili ndiye mtu ambaye mazungumzo yake na mdogo wako yana kinga, mradi wazungumze ana kwa ana au kwa namba ya wakili iliyosajiliwa jelani. Mkimuunganisha kupitia simu yako kinga hiyo inaweza kupotea. Kama hana uwezo wa kulipa, mahakama humteulia wakili. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, kwamba wakili wa kesi ya jinai anapaswa kumweleza mteja asiye raia hatari ya kurudishwa kwao kabla hajakiri kosa. Mwandikie wakili huyo leo, kwa maneno mafupi, kwamba mteja wake ana kadi ya ukaazi na si raia. Usidhani anajua.

Na hapo ndipo jibu la dola 1,500 linapopatikana. Asilimia 10 anayolipwa wakala wa dhamana ni ada yake, na hairudi hata kesi ikifutwa kesho. Ukiweka dola 15,000 zote mahakamani, mdogo wako akihudhuria kila anapoitwa, fedha hurudishwa baada ya kesi kwa aliyeandikwa kwenye risiti, pengine zikiwa zimekatwa ada kidogo. Lakini ni ukoo gani ulio na kiasi hicho? Kabla ya kumlipa wakala, muulize wakili maswali mawili. La kwanza ni kama idara ya uhamiaji, ICE, imeweka ombi la kumshikilia. Ombi la namna hiyo huitaka jela imzuie mtu hadi saa 48 baada ya muda aliopaswa kutoka, na tangu mwaka 2017 sheria ya Texas inazilazimisha jela za kaunti kuyatii. Kama ombi lipo, mchango wa ndugu utamtoa mlango mmoja na kumwingiza mlango mwingine, ambako hakuna wakili wa kupewa bure na serikali, na fedha hizo zingefaa zaidi kumlipa wakili wa uhamiaji. Swali la pili ni kama hakimu anaweza kuombwa apunguze dhamana. Ukijibiwa kuwa ombi la ICE halipo na dhamana haipunguzwi, lipa, lakini ukijua kuwa hataruhusiwa kurudi kwake. Atahitaji anwani nyingine, na bila shaka itakuwa yako, basi zungumza kwanza na unaoishi nao, kwa sababu wewe ndiwe utakayesimama kati yake na simu ya kumpigia mkewe usiku.

Ubalozi wa Tanzania mjini Washington utaarifiwa, kwa kuwa Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo raia wake akikamatwa Marekani ni lazima ubalozi wao ujulishwe. Usitarajie kuwa utalipa dhamana.

Mama mwambie ukweli, kwamba mwanawe yu mzima, anakula, ana wakili, na kwamba simu za huko zina masikio mengi. Mjomba mwambie kuwa hakimu amekataza upatanisho kwa sasa na kwamba anayeukaidi anamwongezea kijana miaka. Wazee huelewa neno la hakimu kuliko la mtoto wa dada. Kisha mpe mama kazi ya kufanya, kwa sababu kukaa bila la kufanya ndiko kunakompandisha presha. Aandike barua, au amtume mjukuu amwandikie: mvua imenyesha vipi, michungwa imezaa kiasi gani, nani kaoa, nani kasafiri, na dua zake, lakini jina la wifi yako lisiwemo, wala neno lolote la kesi, kwa kuwa barua nazo hufunguliwa na kusomwa. Ulizia kwanza anwani ya kupokelea barua, maana jela nyingi siku hizi huzipitisha kwenye kituo kingine ambako hupigwa picha, na mahabusu huzisoma kwenye kishikwambi. Bahasha iandikwe jina lake kama lilivyokosewa kwenye kumbukumbu za jela, hata kama mama atakataa kuliandika hivyo, pamoja na ile namba ya mapokezi. La sivyo itarudi Muheza baada ya wiki sita ikiwa haijafunguliwa.